Jina la chuo litakulipa? Lipime hivi kabla hujathibitisha nafasi

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu haipumziki. "Shangazi, nimechaguliwa Mlimani kozi nisiyoitaka na Mzumbe kozi niliyoililia, niende wapi?" "Dada, tuuze kile kiwanja cha Kibaha mtoto akasome Malaysia?" "Mama, chuo chetu watu hawakijui, nitaajiriwa kweli?" Ninafanya kazi ya rasilimali watu hapa Dar es Salaam. Nilianzia kwenye ofisi ya wakaguzi wa hesabu, na sasa niko kwenye kampuni inayotoa na kusafirisha mizigo ya bandarini. Maombi ya wahitimu yananipitia mikononi kila mwaka, na naona yanavyochujwa. Ndiyo maana nimeamua kuandika kwa urefu, ili mzazi na mtoto wakae pamoja wasome kabla pesa haijatoka.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Jina la chuo ni koneksheni ya asiye na koneksheni. Linamfaa zaidi mtoto wa mkulima wa Namtumbo kuliko mtoto wa mkurugenzi wa Masaki, na linamfaa katika baadhi ya kazi tu. Kwa hiyo una mambo mawili ya kujua: kama kazi unayoitaka ni mojawapo ya hizo, na kama wewe ni miongoni mwa wanaolihitaji jina.

Anza na kazi, chuo baadaye

Chukua karatasi, andika kazi unayotaka kuwa unaifanya ukiwa na miaka 30. Usiandike "biashara" au "sayansi". Andika kazi: mhandisi wa barabara, mfamasia, afisa mikopo wa benki, mthamini wa ardhi, wakili. Kisha jiulize: nani hutoa ruhusa ya kuifanya kazi hiyo Tanzania?

Kwa kazi nyingi zenye heshima, ruhusa haitoki chuoni. Daktari anasoma miaka 5, anafanya utarajali wa mwaka mmoja hospitalini, kisha anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mhandisi anasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na kabla ya kuitwa mhandisi mtaalamu anapitia kipindi cha mafunzo kazini chini ya wahandisi waliomtangulia. Mhasibu anafanya mitihani ya NBAA, yaani bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, mpaka apate CPA, cheti cha mhasibu mtaalamu. Anayetaka uwakili lazima apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo sote tunaiita Law School.

Hiyo ya mwisho nikae nayo kidogo. Mwaka 2022 matokeo ya Law School yalizua mjadala nchi nzima: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Harrison Mwakyembe kuchunguza. Wale watahiniwa walikuwa na digrii za sheria za vyuo mbalimbali, vyenye majina na visivyo na majina. Mtihani ule haukuuliza mtu ametoka wapi. Kama unataka uwakili, swali lako kwa chuo ni moja: kinafundisha kuandika hati za kesi na kusoma sheria kwa kina, au kinafundisha kukariri?

Serikalini hali inafanana na hiyo. Nafasi nyingi za utumishi wa umma zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira kupitia Ajira Portal. Unaomba kwa mfumo, unaitwa kwenye mtihani wa mchujo, ukipita unaenda kwenye usaili wa ana kwa ana. Kwenye chumba cha mchujo mtu wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mtu wa chuo kilichoanza juzi wanapewa karatasi ileile. Ninachowaonya vijana hapa ni jina la kozi, na hilo watu wengi hawalijui mpaka limewaumiza. Matangazo ya serikali yanafuata miundo ya utumishi, na miundo inataja fani kwa majina yake. Tangazo likisema shahada ya uhasibu, fedha au biashara iliyojikita kwenye uhasibu, na wewe una shahada yenye jina refu la kuvutia ambalo halimo, mfumo unakuacha nje hata kama umesoma masomo yaleyale. Nimeona vijana wenye GPA (wastani wa alama za chuo) nzuri wakilia kwa jambo hili. Kabla hujachagua kozi yenye jina jipya, fungua matangazo ya Ajira Portal ya kazi unayoitaka, soma hata ishirini, orodhesha majina ya shahada yanayotajwa. Kozi yako isipoonekana hata mara moja, piga simu chuoni uwaulize wahitimu wao wanaombaje. Jibu likiwa la kubabaisha, umeshajibiwa.

Mahali ambapo jina lina nguvu

Sasa tuje kwangu, kwenye sekta binafsi, ambako hakuna mtihani mmoja wa taifa.

Tangazo la nafasi moja ya mhasibu anayeanza linaleta mamia ya maombi. Hakuna anayesoma yote kwa utulivu. Mchujo wa kwanza ni kozi na GPA. Ofisi nyingi huanzia 3.5, yaani daraja la pili la juu. Mchujo wa pili ni kama umewahi kufanya kitu: fildi (mafunzo ya vitendo kazini ukiwa bado mwanafunzi), kujitolea, cheti cha taaluma. Baada ya hapo wanabaki watu wanaofanana sana, na hapo ndipo jina la chuo linaingia. Msomaji aliyechoka akikutana na chuo anachokifahamu, anapata imani kidogo. Kwa chuo asichokifahamu anasita. Hayo nayasema bila kuyafurahia, lakini ndivyo ilivyo, na ni bora uyajue.

Jina lina nguvu zaidi kwenye kampuni kubwa za ukaguzi na ushauri, benki zenye programu za kuandaa wahitimu, mashirika ya kimataifa, na kazi ya ualimu wa chuo kikuu. Lina nguvu pia ukitaka kwenda nje. Tangu Mei 2022 Uingereza ina viza maalumu kwa wahitimu wa vyuo vilivyo juu kwenye orodha za ubora duniani, vya nje ya Uingereza. Ukiwa na digrii ya chuo kilichomo, uliyoipata ndani ya miaka 5 iliyopita, unaweza kuingia na kutafuta kazi kwa miaka 2 bila kuwa na mwajiri mkononi. Orodha ile ilipotoka mara ya kwanza haikuwa na chuo hata kimoja cha Afrika. Hapo jina limegeuka kuwa sheria ya mpakani, na ubora wa mtu mmojammoja hauulizwi.

Lakini jina lipi? Watu wakisema "chuo chenye jina" hapa kwetu huwa wanamaanisha Mlimani. Sababu ipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 13 wa sheria, kikawa chuo kikuu kamili cha taifa mwaka 1970, na kwa miaka mingi hapakuwa na kingine. Sokoine kilipata hadhi yake mwaka 1984, Chuo Kikuu Huria kikaja mwaka 1992, Mzumbe mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), Ardhi na Muhimbili mwaka 2007. Kwa hiyo wakurugenzi wengi wenye umri mkubwa walisoma Mlimani kwa sababu ndicho kilichokuwepo. Heshima ya jina lile kwa sehemu kubwa ni umri wake na watu wake waliotangulia kwenye viti.

Ukiingia ndani ya taaluma utakuta kila moja ina jina lake. Wathamini na wapima ardhi wanaangalia Ardhi. Misitu, mifugo na kilimo ni Sokoine, na ukienda na digrii ya kilimo ya kwingine utaulizwa kwa nini hukwenda Morogoro. Halmashauri na ofisi za ununuzi zimejaa watu wa Mzumbe wanaosaidiana vizuri sana. Bima na benki wanaifahamu IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Karakana wanampenda kijana wa DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, kwa sababu akipewa mashine anaishika. Kwenye usafirishaji tunawatazama NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, na kwenye meli Chuo cha Bahari. Mama anayemwambia mwanawe "bora Mlimani chochote" anamwelekeza kwenye jina la jumla wakati taaluma ya mtoto ina jina lake mahususi mahali pengine.

Wamarekani walilipimaje

Swali hili limechunguzwa sana Marekani, ambako tofauti ya ada kati ya chuo na chuo ni kubwa kuliko yetu. Mwaka 2002 wachumi Stacy Dale na Alan Krueger walichapisha utafiti kuhusu watu walioanza chuo mwaka 1976. Ujanja wao ulikuwa huu: hawakumlinganisha mtu wa chuo maarufu na mtu yeyote tu. Waliwalinganisha vijana waliokubaliwa na vyuo vya kiwango kilekile, mmoja akaenda kwenye chuo chenye jina, mwenzake akachagua cha kawaida. Miaka mingi baadaye mishahara yao ilikuwa inakaribiana. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mafanikio tunayoyapa chuo, mtu alikuja nayo mwenyewe: akili, bidii, kujiamini.

Lakini kulikuwa na kundi lililofaidika kweli, nalo ni vijana wa familia za kipato cha chini. Walipoirudia kazi hiyo kwa kundi lililoanza mwaka 1989, faida ikaonekana kwa wanafunzi weusi, kwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na kwa wale ambao wazazi wao hawakusoma sana.

Mwaka 2023 Raj Chetty, David Deming na John Friedman wakaja na utafiti mwingine wa vyuo 12 vya juu kabisa, vikiwemo Harvard, Yale, Stanford na MIT. Waliwafuatilia waombaji waliokuwa kwenye orodha ya kusubiri, wengine wakabahatika kuingia, wengine wakaishia vyuo vikubwa vya umma. Wastani wa kipato haukubadilika sana. Kilichobadilika ni kileleni: aliyeingia aliongeza uwezekano wa kufika kwenye asilimia 1 ya watu wenye kipato kikubwa kwa karibu nusu, na uwezekano wa kufanya kazi kwenye kampuni zenye hadhi ukawa karibu mara tatu.

Marekani ni Marekani, nasi tuna soko letu. Hata hivyo naona jambo lilelile ofisini. Kwenye ofisi ya wakaguzi alikuja binti mmoja kutoka Newala. Wazazi wake ni wakulima wa korosho, Dar es Salaam hakuwa na ndugu hata mmoja. Alikuwa Mlimani, na mhadhiri wake alikuwa amemfundisha mmoja wa wakubwa wetu zamani. Mhadhiri akapiga simu moja akisema tu kwamba huyu binti anafanya kazi vizuri. Akapata fildi, na fildi ikawa ajira. Mtoto mwenye baba anayefahamiana na wakubwa asingemhitaji yule mhadhiri. Binti wa Newala alimhitaji sana.

Kwa hiyo jipime bila kujidanganya. Katika familia na jirani zako, kuna mtu anayeifanya kazi unayoitaka na anayeweza kukuombea nafasi ya fildi? Kama yupo, una uhuru mkubwa wa kuchagua chuo kwa kozi, ada na utulivu wa kusoma. Kama hayupo, mpe jina la chuo uzito zaidi, hasa kama kazi yako ni ya sekta binafsi. Ni kinyume na wanavyofanya wengi: familia zenye nafasi ndizo zinazohangaikia jina, na watoto wa vijijini ndio wanaoambiwa "chochote kinatosha".

Kozi na jina vikigongana

Hapa ndipo vijana wengi wanapokwama, nami nina jibu: kama kozi unayopewa kwenye chuo chenye jina haikufikishi kwenye kazi uliyoiandika kwenye karatasi, jina halitakufikisha. Mtu anayetaka uhasibu asikubali kozi ya mbali kabisa ili tu aseme yuko Mlimani. Kuhamia kozi nyingine mwaka wa kwanza kunategemea nafasi na sifa zako, na wengi wanaoingia kwa matumaini hayo wanabaki walipo.

Kama kozi ni ileile vyuo viwili, fanya uchunguzi. Fungua kwanza mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka huo. Hakikisha kozi yenyewe imo, maana chuo kinaweza kuwa na ithibati na kozi yake mpya bado. Angalia idadi ya wanafunzi wanaochukuliwa: kozi inayochukua mamia ina maana mhadhiri hatalijua jina lako. Kama ni taaluma yenye bodi, wapigie bodi uwaulize kama wanaitambua kozi ya chuo hicho. Ni simu ya dakika chache, na ni haki yako. Usilichukulie jambo la ithibati kirahisi: mwaka 2016 TCU ilifuta vibali vya baadhi ya vyuo vikuu vishiriki, na wanafunzi wakalazimika kuhamishiwa kwingine.

Kisha tafuta wahitimu. Usiwaulize wanafunzi wa sasa. Wao watakueleza habari za hosteli, bumu (pesa ya kujikimu) na nani ame-disco (ameondolewa kwa kufeli). Unamtaka mtu aliyemaliza miaka 4 au 5 iliyopita. Ingia LinkedIn, andika jina la chuo na jina la kozi, tafuta wanaofanya kazi unayoitaka. Waandikie kwa adabu, kwa kifupi: "Shikamoo dada, nimechaguliwa kozi uliyosoma. Naomba kukuuliza maswali matatu." Muulize alikaa mtaani muda gani kabla ya kazi ya kwanza, alimfahamu nani aliyemsaidia kuipata, na fildi alifanyia wapi. Wengi watajibu. Watu wa kwetu wanapenda kuombwa ushauri na kijana mwenye heshima. Ukikosa kabisa wahitimu wanaofanya kazi ile, chukulia hilo kuwa habari muhimu kuliko kipeperushi chochote.

Ukiweza, nenda chuoni siku ya kawaida ya masomo. Ingia maabara. Uliza walimu wangapi wa idara wapo na wangapi wako masomoni nje. Idara ya chuo maarufu inaweza kuwa tupu, na idara ya chuo cha mkoani ikawa na wazee wawili wanaofundisha kwa moyo.

Mahali chuo kilipo pia ni sehemu ya thamani yake. Anayesoma Dar es Salaam anaweza kwenda kujitolea ofisi ya mjini siku asizo na vipindi. Tangu serikali ihamie Dodoma, mwanafunzi wa UDOM yuko karibu na wizara. Kama unataka sera na utumishi wa umma, hilo lina faida kubwa.

Hesabu ya pesa

Ada ya vyuo vya umma kwa kozi nyingi zisizo za udaktari ni kati ya milioni 1 na milioni 1 na nusu kwa mwaka. Kwa hiyo kati ya chuo cha umma na cha umma, ada haitakuamulia. Kinachokuamulia ni chumba, chakula na nauli, na Dar es Salaam inakula kuliko Morogoro au Mbeya. Vyuo binafsi vinatofautiana sana, na udaktari kwenye chuo binafsi ni mamilioni kadhaa kila mwaka kwa miaka 5.

Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ni wa kurudishwa. Sheria inataka asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi kila mwezi. Piga hesabu: mshahara wa shilingi 800,000 unakatwa 120,000. Kama unadaiwa milioni 12, hiyo ni miezi 100, yaani miaka 8 na miezi 4. Fanya hesabu hii kwa vyuo vyote viwili unavyofikiria. Tofauti ikiwa ni milioni 2 kwa kozi nzima na chuo cha gharama kina wahitimu kwenye kazi unayoitaka, lipa. Ikiwa ni milioni 15 kwa kozi ambayo bodi itakupa mtihani uleule, usilipe.

Kuhusu kuuza kiwanja ili mtoto akasome digrii ya kwanza nje: ninapinga, isipokuwa kozi hiyo haipo nchini au familia ina uwezo bila kuuza. Chuo cha kawaida cha nje hakina jina hapa. Mezani kwangu chuo nisichokijua cha ng'ambo ni sawa na chuo nisichokijua cha mkoani, na digrii hiyo bado itahitaji kutambuliwa na TCU. Kama ndoto ni jina kubwa la kimataifa, soma hapa kwa GPA ya juu, fanya kazi, kisha omba nafasi ya digrii ya pili. Ufadhili kama Chevening wa Uingereza unalipia mwaka mzima wa shahada ya uzamili na unadai uzoefu wa kazi wa miaka 2. Mtoto wa kidato cha sita mwenye matokeo ya juu kabisa ya sayansi aulizie pia Samia Scholarship kabla ya jambo lolote linalohusu kiwanja.

Rais Samia mwenyewe alianza kazi kama karani Zanzibar, akasoma utawala Mzumbe ilipokuwa bado inaitwa IDM, akamaliza mwaka 1986, ndipo baadaye akaenda Manchester. Sisemi kila karani atafika Ikulu. Nasema mpangilio ule wa kufanya kazi, kusoma karibu, kisha kwenda kwenye jina kubwa ukiwa na sababu, unawezekana kwa mtu asiye na mali.

Ukishaingia

Aliye kwenye chuo chenye jina alitumie, kwa sababu lisipotumika halileti kitu. Jina linafanya kazi kupitia watu: mhadhiri anayeweza kuandika barua ya kukuombea, mhitimu aliyeko ofisi fulani, mwenzako wa chumba ambaye baba yake ana kampuni. Kaa mbele darasani, fanya utafiti wako chini ya mhadhiri anayefanya kazi za nje. Mtu anayemaliza miaka 3 bila mhadhiri hata mmoja kumfahamu amelipia maktaba tu.

Barua za fildi zianze kusambazwa Januari. Wanafunzi wengi wanatuletea Juni, wakati nafasi zimeshajaa, kisha wanaishia kufanya fildi kwenye stationery ya jirani ili wapate muhuri. Muhuri haunisaidii chochote. Nataka kujua ulifanya nini.

Aliye kwenye chuo kisichojulikana ana kazi ya ziada, lakini inafanyika. GPA yako lazima iwe juu, kwa sababu ndiyo kichujio cha kwanza. Kisha tafuta mtihani unaotambulika na kila mtu. Anayesoma uhasibu aanze mitihani ya NBAA mapema iwezekanavyo. Kwenye fani yangu kuna cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, kinachofundishwa Chuo cha Kodi. Kijana mmoja alituletea maombi akitoka chuo ambacho hakuna ofisini kwetu aliyewahi kukisikia. Alikuwa na cheti hicho, na kwenye CV aliandika kwamba wakati wa fildi aliandaa nyaraka za kontena kwenye TANCIS, mfumo wa kompyuta wa forodha, akataja aina za mizigo na makosa aliyoyakuta kwenye ankara. Kwenye usaili tukampa ankara ya kweli, akaisoma. Waombaji wenzake wawili wa vyuo vikubwa walikuwa wameandika "nilisaidia kazi za idara". Tulimchukua yeye, na jina la chuo chake halikutajwa tena.

Andika CV yako hivyo. Juu kabisa weka ulichofanya na kinachoweza kuthibitishwa, chuo kifuate. Mdhamini mmoja awe msimamizi wako wa fildi, mwenye simu inayopokelewa, naye ajue umemtaja.

Na kwa walio na majina kwenye mkeka (orodha ya waliochaguliwa) wa vyuo zaidi ya kimoja: utatumiwa namba maalumu ya kuthibitisha, na muda wa kuthibitisha ni mfupi. Usiache siku ya mwisho ikukute bado mnabishana nyumbani. Piga simu zako za bodi na wahitimu ndani ya siku mbili za mwanzo, fanya hesabu ya mkopo na mzazi mkiwa na kikokotoo mezani, kisha thibitisha chuo kimoja kwenye akaunti yako ya udahili na utunze ujumbe wa uthibitisho. Namba za wale wahitimu waliokujibu zihifadhi. Utazihitaji Januari, ukianza kusambaza barua za fildi.